"Nitakuombea" Si Jibu

Kuna sentensi tatu ambazo Mkristo wa Kenya akiziandika kwa simu, jua mjadala umekufa. Ya kwanza ni "nitakuombea." Ya pili ni "Mungu akufungue macho." Ya tatu ni "sitaki kubishana," ambayo kwa kawaida hufuatwa na aya kumi na mbili za kubishana. Hakuna tusi hata moja hapo. Mpe nyanya yako asome, atasema vijana wa siku hizi wamelelewa vizuri. Lakini aliyeandikiwa anajua amezabwa kofi, na waliokuwa wakisoma pembeni wanajua pia, ndiyo maana wanamwaga emoji za moto.

Mimi husoma ubishi wa Wakristo vile wengine hutazama mpira. Sabato ni Jumamosi ama Jumapili? Mtoto mchanga abatizwe? Mwanamke ahubiri madhabahuni? Fungu la kumi ni deni la mpaka leo ama lilibaki Agano la Kale? Mimi si mwanatheolojia, kwa hivyo nausoma ubishi huo kama maandishi: nani anaandika, anamwandikia nani, anajua mwenzake amesema nini, ametumia umbo gani.

Ukisoma hivyo unaona kitu. Kila ubishi ukichacha, anatokea mtu mzima wa kutuliza: "Wapendwa, tuheshimiane." Anamaanisha tupunguze makali. Nadhani anapima kitu kisicho. Maneno makali na dharau si ndugu wa tumbo moja. Kuna ukali unaomheshimu mtu, na kuna upole unaomfuta kabisa. Mimi napima heshima kwa maswali mawili. Huyu unayempinga, anaweza kukujibu? Na yule atakayebeba mzigo wa jibu, yumo kwenye mazungumzo?

Maswali haya sikuyaokota hewani. Yanatoka Thogoto.

Thogoto ni pale Kikuyu, mahali ambapo leo unafika kwa matatu kutoka tauni ukiwa bado unamalizia kusikiliza podikasti moja. Juni 1913 kulikuwa na misheni ya Kanisa la Scotland, na wamisionari wa Kiprotestanti kutoka pande mbalimbali za nchi ambayo baadaye iliitwa Kenya walikutana hapo. Tatizo lao lilikuwa la kawaida sana. Kila misheni ilikuwa na eneo lake. Mtu aliyebatizwa na Wamethodisti Pwani akihamia Nairobi kutafuta kazi alijikuta mgeni kwa Waanglikana, na aliyesoma kwa Wapresbiteri akienda kwa African Inland Mission aliulizwa upya kama kweli ameokoka. Basi wakapendekeza shirikisho: tutambuane ubatizo, na Mkristo akiwa safarini apokelewe katika Meza ya Bwana popote atakapofika.

Kikao kiliongozwa na Askofu wa Uganda, John Jamieson Willis, yule yule aliyeanzisha shule ya Maseno 1906. Mwishoni Askofu wa Mombasa, William Peel, aliongoza Ushirika Mtakatifu kwa Kitabu cha Sala cha Kianglikana, ndani ya kanisa la Kiskoti, huku mhubiri akiwa Mpresbiteri. Wajumbe wa misheni zingine wakaja mezani. Kwako wewe uliyeshiriki PCEA siku ya harusi ya binamu na Jumapili iliyofuata ukashiriki ACK kwenu, hii si habari. Wakati huo ilikuwa bomu.

Aliyelilipua ni Frank Weston, Askofu wa Zanzibar. Weston alikuwa Mwanglikana wa mrengo wa Kikatoliki, mtu wa ubani na maungamo. Kwake yeye, askofu na kipaimara ni mifupa ya kanisa. Kumpa Ushirika mtu ambaye hajawahi kuwekewa mikono na askofu ni kusema kwa vitendo kwamba mifupa hiyo haihitajiki. Alimwandikia Askofu Mkuu wa Canterbury akiwashtaki Peel na Willis kwa uzushi na farakano. Halafu, mwaka huo huo wa 1913, akachapisha barua ya wazi iitwayo Ecclesia Anglicana, ambayo aliielekeza kwa Askofu wa St Albans kule Uingereza. Ndani yake aliuliza kanisa lake linasimamia nini hasa. Hoja yake, kwa maneno yangu: kanisa lisilojua linaamini nini halina la kumpelekea mtu mwingine, hasa mahali kama Zanzibar, ambapo jirani Mwislamu anajua vizuri sana anaamini nini.

Uzushi! Hilo ni neno zito kuliko lolote utakaloliona kwenye komenti za TikTok. Ukitumia kipimo cha "tupunguze makali," Weston anaanguka mtihani palepale.

Lakini hebu soma barua ile kama maandishi. Kwanza, ina jina la mwandishi na jina la anayeandikiwa. Pili, shtaka linaeleweka: jambo fulani lilifanyika mahali fulani, na linapingana na fundisho fulani. Shtaka la namna hiyo linaweza kukanushwa. Peel na Willis wangeweza kusema hatukufanya hivyo, au tulifanya na fundisho si hilo. Tatu, Weston aliomba wahukumiwe na mamlaka ambayo yeye mwenyewe alikuwa chini yake. Akishindwa, ameshindwa hadharani. Mtu anayekushtaki hivyo amekuchukulia kwa uzito. Anaamini una akili ya kujitetea, na anaamini unachofundisha kina matokeo.

Na walijibu. Willis aliandika kitabu kizima kuhusu mkutano wa Kikuyu, kikatoka 1914. Mwaka huo huo Ronald Knox, kasisi kijana wa Oxford ambaye baadaye alihamia Ukatoliki, aliandika kijitabu cha kejeli, Reunion All Round, akiiga nathari ya Jonathan Swift. Anajifanya kuunga mkono umoja, kisha anaunyoosha mpaka unakatika: kama tofauti si kitu, kwa nini tusiwaalike Waislamu, na baadaye wasioamini Mungu pia? Ni kejeli kali, lakini ni ya mtu aliyeielewa hoja ya wapinzani wake hadi kwenye kiungo chake dhaifu. Kejeli nyingi za kidini ninazoziona kwenye simu zinacheka lafudhi ya pasta, suti yake na mke wake. Hoja yake haiguswi, kwa sababu anayecheka hakuisikiliza.

Askofu Mkuu Randall Davidson hakufungua kesi ya uzushi. Aliwapelekea suala hilo maaskofu washauri, wakakaa Julai 1914, vita vikuu vikaanza karibu mara moja, na jibu likatoka Pasaka ya 1915. Kwa ufupi: hakuna aliyetangazwa mzushi, ila ibada ya namna ile isirudiwe. Watu wakatania kwamba ibada ya Kikuyu ilimpendeza Mungu kupita kiasi na kwa hivyo ni marufuku kuifanya tena. Utani huo ni mzuri kwa sababu unaonyesha ugonjwa wa upole: sentensi laini pande zote mbili, na hakuna mtu anayejua amejibiwa nini.

Simfanyi Weston malaika. Mwaka 1915 alitangaza kwamba hana ushirika tena na Askofu wa Hereford kwa sababu ya padri mmoja aliyeteuliwa huko, jambo ambalo kwa lugha yetu ni kumbloku mtu mbele ya watu. Na barua ya wazi ina tamaa yake: unamwandikia mmoja huku ukiangalia jukwaa. London ikajaa watu wenye msimamo mkali kuhusu Kikuyu ambao wasingeweza kuionyesha kwenye ramani. Hilo tunalijua. Tunaliishi kila wiki.

Lakini fuatilia kilichotokea baadaye. Mwaka 1916 Weston aliongoza kikosi cha wapagazi wa Zanzibar vitani bara, akitembea nao kwa miguu. (Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam zimebeba jina la vikosi vya namna hiyo.) Julai 1918 mkutano wa pili wa Kikuyu uliitishwa, na yeye akaja. Alikaa meza moja na watu aliowaita wazushi, akiwa na mpango wake mwenyewe wa umoja mkononi. Hawakuukubali. Wao wakaunda muungano wao wa misheni, na kutokana na muungano huo ikazaliwa shule mwaka 1926, palepale Kikuyu. Unaijua. Inaitwa Alliance, na sasa unajua kwa nini.

Halafu likaja jambo ambalo linavuruga kabisa hesabu ya nani ana adabu. Oktoba 1919 serikali ya Gavana Northey ilitoa waraka ukiwaagiza maafisa na machifu "kuwahimiza" Waafrika waende kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Kila mtu alijua chifu akihimizwa na mzungu, yeye naye anahimiza kwa kiboko. Askofu wa Uganda, yule yule Willis, pamoja na Askofu mpya wa Mombasa na Dkt. John Arthur wa misheni ya Kikuyu, waliandika tamko. Tamko lilikuwa la busara. Lilitaja hatari za waraka ule, likaonya juu ya machifu, likataka kanuni. Lakini lilikubali kwamba kazi ya kulazimishwa inaweza kuwepo, mradi iwe wazi na kisheria. Weston alisoma yote hayo akawaka. Mwaka 1920 akachapisha kijitabu The Serfs of Great Britain, akiita utwana kwa jina lake.

Kwa hivyo wapole wa 1913 walikuwa wapole pia 1919, na safari hii upole wao uligharimu watu wengine jasho. Mkali wa 1913 alikuwa mkali pia 1920, na safari hii alisimama upande wa wanaochapwa. Ukinipa uchague nani kati yao ana heshima kwa kuangalia toni ya sentensi zao, utapotea.

Mpaka hapa unaweza kudhani naandika wasifu wa Askofu wa Zanzibar. Hapana. Chukua maandishi yote niliyoyataja: barua ya Weston, kitabu cha Willis, kijitabu cha Knox, tamko la 1919, kijitabu cha 1920. Yapange mezani. Wote walioandika ni wazungu. Mzozo mzima wa 1913 ulihusu Mkristo Mwafrika aliyehama kutoka misheni moja kwenda nyingine: abatizweje, ale Ushirika wapi, awe chini ya nani. Anatajwa kila mahali. Anapendwa, anahurumiwa, anaogopewa kuchanganyikiwa. Anayeandika si yeye. Swali langu la kwanza Weston analipita: wapinzani wake waliweza kumjibu, na walimjibu. Swali la pili wote wanaanguka, mkali na mpole.

Na mtu akikosa kiti kwenye mjadala unaohusu maisha yake, haendi kulala. Miaka kumi na sita baada ya ule Ushirika maarufu, mwaka 1929, misheni ile ile ya Thogoto ikiongozwa na Dkt. Arthur iliwataka waumini waape kuachana na ukeketaji wa wasichana na pia kujitenga na chama cha Kikuyu Central Association. Watu waliweka sahihi au alama ya kidole gumba, na ndipo neno kirore likaingia historia. Ukikataa, unatoka kanisani, na mwalimu anatoka kazini.

Niseme wazi ili nisieleweke vibaya: juu ya kisu chenyewe, Arthur alikuwa sahihi. Ukeketaji unaua na kulemaza, na sheria ya Kenya ya 2011 inaukataza, na mimi naiunga mkono. Lakini tazama umbo la mjadala. Alama ya kidole gumba haina nafasi ya kuandika "lakini." Haina mstari wa swali. Tena kiapo kilichanganya mwili wa msichana na siasa ya ardhi kwenye karatasi moja, kwa hivyo aliyetaka kukubali la kwanza na kukataa la pili hakuwa na pa kusimama.

Jibu likaja kwa ngoma. Muthirigu ilienea Ugikuyu mwishoni mwa 1929, ikiimbwa na vijana, ikiwatukana wamisionari na machifu kwa majina. Matusi yake hayakuwa ya kificho. Serikali iliipiga marufuku mapema 1930. Kwa mtu wa "tuheshimiane," Muthirigu ni ushahidi kwamba vijana walikosa adabu. Mimi nauona kama ukurasa wa majibu ambao hawakupewa. Mlango wa mbele ulifungwa, wakaingilia dirishani wakiwa na kelele. Na baada ya ngoma kunyamazishwa, walijenga shule zao na makanisa yao, ambayo mengine yapo hadi leo.

Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, ambaye alisoma Alliance, aliutumia mgogoro huo katika The River Between, iliyotoka 1965. Wengi wetu tulikutana na riwaya hiyo shuleni, tukafundishwa kwamba ni hadithi ya Waiyaki na matuta mawili, Kameno na Makuyu. Mimi nimeirudia kwa sababu ya Joshua na binti yake Muthoni, na naona hapo ndipo kitabu kina ubishi wa kitheolojia hasa. Joshua ni mhubiri, mtu wa mistari iliyonyooka. Muthoni ni Mkristo na hataki kuacha kuwa Mkristo, ila anataka pia kuwa mwanamke kwa njia ya watu wake. Anamweleza dadake Nyambura kwenye mto Honia, kisha anakwenda kwa shangazi Kameno, anatahiriwa, kidonda kinakataa kupona, anakufa.

Kati ya baba na binti hakuna mjadala. Joshua akisikia, anamtuma Nyambura na amri: arudi, la sivyo si binti yangu tena. Asiporudi, basi kwake amekwisha hata kabla ya kufa. Joshua si mtu wa matusi. Anasali. Kila neno lake lingepita kwenye ukaguzi wa adabu, na hakuna mahali ambapo anamuuliza mtoto wake, "Umeonaje?" Muthoni naye ana hoja nzito kuliko wahubiri wote wa kitabu. Anataka imani isiyomlazimisha kujikata nusu. Njia aliyoichagua inamuua, na riwaya haifichi hilo. Lakini swali lake ni swali la teolojia kamili, na mtu pekee anayelisikia lote ni msichana mwenzake, wakiteka maji.

Nina lawama kwa riwaya yenyewe hapa. Baada ya Muthoni kufa, anageuzwa kuwa alama. Kila upande unamtumia: Joshua kama onyo, watu wa Kameno kama ushahidi wao. Waiyaki anachukua jukwaa na anatuhubiria elimu na umoja. Mjadala kuhusu mwili wa msichana unaendelea sura baada ya sura kati ya wanaume. Unaweza kumtetea Ngũgĩ kwamba ndivyo ilivyokuwa. Sawa. Lakini mwandishi ana uwezo ambao misheni haikuutumia, wa kumpa aliyenyamazishwa kurasa zaidi, na katika kitabu hiki aliutumia mapema akauacha mapema.

Hili la amri inayotumwa kupitia mtu mwingine si la zamani. Katika kundi la WhatsApp la vijana wa kanisa nililokuwa nikienda, dada mmoja aliwahi kuuliza swali la pesa. Kazi ilikuwa imeisha, alikuwa amechukua mkopo wa simu kulipa nyumba, na akataka kujua kama fungu la kumi linatolewa kwenye mkopo. Aliandika "Bwana asifiwe wapendwa" juu na "naomba kuelimishwa" chini. Kiongozi alijibu kwa upole wa asali: asante dadangu, tunakupenda sana, tukatae roho ya mgawanyiko, tuombeane. Dakika chache baadaye tukaona ile arifa kwamba wasimamizi pekee ndio wanaoweza kutuma ujumbe. Basi. Ukipitia ujumbe ule hutapata neno hata moja la kushtaki. Na lile swali, ambalo ni swali zuri, maana linauliza kama deni linaweza kuwa baraka, mpaka leo halijajibiwa. Alichouliza kilikuwa cha kwake. Mkopo ulikuwa wake. Aliyekatwa sauti ni yeye.

Sasa, fasihi ya Kiswahili ina chombo cha kazi hii, na sielewi kwa nini makanisa yetu hayakiazimi. Nazungumzia malumbano ya ushairi. Karne ya 19, Mombasa na Lamu zilipokuwa zikivutana kisiasa, Muyaka bin Haji na washairi wa Lamu walirushiana mashairi. Desturi hiyo ilihamia magazetini, na waliokua wakisoma Taifa Leo wanajua ladha yake: mtu anatoa hoja, wiki inayofuata mwingine anamjibu kwa jina, wa tatu anaingia kuamua, wa nne anawacheka wote.

Watu husifu malumbano kwa sababu ya ufundi wa vina. Mimi nayasifu kwa sheria yake moja. Anayejibu kwa kawaida huchukua bahari ile ile ya mwenzake, na mara nyingi huokota maneno yake au kituo chake na kuyageuza. Maana yake ni kwamba huwezi kujibu bila kumsoma. Umbo lenyewe linakudai ushahidi kwamba ulisikiliza. Ukishafanya hivyo, ruhusa ya kuwa mkali unayo. Unaweza kumwambia mwenzako hajui kitu, mradi umemwambia kwa vina vyake, na ukurasa wa wiki ijayo unamngoja yeye.

Pwani hiyo hiyo ina umbo jingine, kijembe. Kijembe hakitaji jina. Unakivaa kwenye kanga, unakiimba kwenye taarabu, na mlengwa akilalamika unamuuliza, kwani nimesema ni wewe? Kwa ugomvi wa jirani na jirani kijembe ni burudani tosha. Kwa teolojia ni sumu, kwa sababu hakijibiki. Na hiki ndicho tulichochagua. "Kuna watu wanajiita wameokoka." "Wenye masikio wamesikia." "Nitakuombea" ni kijembe kilichovaa nguo ya ibada: anayekipokea akisema ameumia, ataulizwa tangu lini maombi yakawa tusi.

Kuna pingamizi mbili ambazo lazima nizikabili. Ya kwanza ni ya wale wanaosema, si kila mtu anastahili kujibiwa. Kuna watu kazi yao ni kuchokoza tu. Kweli. Sisemi umjibu kila mpita njia. Nasema uliyemtaja, na yule ambaye fundisho lako litamkata mfukoni au mwilini, hao wawili unawadai. Wengine unaweza kuwapita.

Pingamizi ya pili ni nzito. Aprili 2023 polisi walianza kufukua miili katika msitu wa Shakahola, Kilifi, na hesabu ikapita 400. Watu walikuwa wamefunga kula wakiamini wanakwenda kumwona Yesu. Baada ya hilo, nani ana muda wa kuzungumzia adabu katika mijadala ya imani? Kuna fundisho linalopaswa kupigiwa kelele.

Nakubali, na ndiyo sababu nakataa kipimo cha toni. Tukisema heshima ni upole, tunampa silaha kila mhubiri anayetaka asiulizwe. Ile aya ya kutowagusa watiwa mafuta imenyamazisha maswali mengi Kenya hii kuliko matusi yote ya mtandaoni, na kila mara imesemwa kwa sauti ya chini na mkono kifuani. Lakini tukisema heshima ni nafasi ya kujibu, mambo yanageuka. Mhubiri anayekataza maswali ndiye anayekosa heshima, hata akiongea kama njiwa. Na anayesimama akasema kwa ukali "fundisho hili litaua watu, nijibu" anawaheshimu wasikilizaji wa mhubiri huyo kuliko sisi tuliotazama video zake tukacheka tukapita.

Weston alijua nusu ya jambo hili. Alijua kwamba ukimpinga mtu, mtaje, mshtaki kwa kitu kinachojibika, kisha miaka ikipita uende ukakae naye mezani hata kama hamtakubaliana. Nusu ya pili ilibaki kwa waliokuwa wakiimba Muthirigu kuitafuta kwa njia yao, kwa sababu hakuna aliyewaletea karatasi yenye nafasi tupu chini.

Ukipata wikendi, rudia The River Between. Safari hii mwache Waiyaki na mikutano yake. Mfuate Muthoni peke yake, kutoka mtoni hadi kifo chake, na uhesabu ni wangapi wanaomuuliza swali wakangoja jibu. Mimi nilimpata dadake, na Waiyaki kidogo. Babake, ambaye kazi yake ilikuwa Neno, sikumpata.